Kuezeka nyumba za wazee kabla ya mvua: mwongozo kamili wa siku ya huduma kigangoni, Mtwara

Kwenye mitaa mingi ya Mtwara mjini, kuanzia Magomeni na Chikongola hadi huko Naliendele, bado wapo bibi na babu wanaolala chini ya makuti yaliyochakaa. Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo paa linalovuja Krismasi litavuja mpaka Pasaka. Kigango, yaani tawi la parokia, chenye jumuiya tano au sita kinaweza kuezeka nyumba mbili au tatu kila mwaka bila kusubiri mfadhili. Nimekuwa katibu wa kazi hii kigangoni kwetu kwa misimu kadhaa, na hapa naeleza hatua zote, pamoja na pale tulipokosea.

Naandika kwa maneno ya Kikatoliki kwa sababu ndiko niliko. Ndugu zetu Walutheri wa KKKT wasome "mtaa" na "usharika" mahali pa kigango na parokia, na Waanglikana watajua wenyewe pa kubadilisha. Kazi ni ileile. Na kwa kanisa la huku kusini si ngeni: Masasi ya kimisioni ilianza mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere wa Waanglikana alipofika na watu waliokombolewa utumwani, na kitu cha kwanza walichohitaji kilikuwa nyumba za kulala.

Hatua ya kwanza: kuuliza, wiki nane kabla

Usianze na bango wala fulana. Anza kwenye jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja. Kila mwenyekiti wa jumuiya aulize wanajumuiya wake swali moja: ni nyumba gani hapa jirani ambayo mwaka huu haitavuka mvua? Majina yaandikwe kwenye daftari la kigango, si kwenye karatasi itakayopotea.

Halafu nenda kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na swali hilohilo. Hatua hii usiiruke. Mwaka wetu wa kwanza hatukwenda, na majina yote tuliyopata yalikuwa ya wasali wetu. Siku ya kazi mama mmoja Mwislamu, jirani wa mlango wa pili, aliwapikia vijana wetu uji asubuhi. Paa lake lilikuwa bovu kuliko lile tulilokuwa tunaliezeka. Hakuna aliyemtaja kwa sababu hakuna aliyeulizwa nje ya kanisa. Niliona aibu siku ile, na tangu hapo orodha yetu inatoka kwa mtaa mzima.

Orodha ikishapatikana, watu wawili waende nyumba kwa nyumba, mmoja wao awe mwanamke mtu mzima. Waende jioni, jua likishapoa, wabishe hodi kama wageni wengine wowote. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwambia mzee "unahitaji msaada gani?", wengi watajibu "hamna shida, namshukuru Mungu." Mzee ana heshima yake. Uliza kuhusu mvua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Kaeni hapo mkekani."

"Bibi, tumetumwa na kigango. Tunapita kuangalia mapaa kabla mvua haijafika."

"Mimi si wa kanisani kwenu."

"Tunajua bibi. Wewe jirani yetu. Mvua ikinyesha usiku unalala upande gani?"

Bibi huyo alicheka kidogo, akainuka, akatuonyesha ndani. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kona ya mashariki, lakini sakafu ya udongo ilikuwa na vishimo vya miguu ya kitanda sehemu tatu nyingine. Kila msimu alikihamisha kukimbia tone. Hatukuhitaji kumuuliza zaidi.

Chagueni nyumba mnazoziweza. Mbili zilizokamilika ni bora kuliko tano zilizoachwa nusu, maana paa lililofunuliwa likaachwa ni baya kuliko lile lililovuja. Wengine waambieni ukweli: mwaka huu hatutafika kwako, jina lako limebaki kwenye daftari.

Hatua ya pili: mjomba

Wageni wanaohamia Mtwara huwa hawaijui hatua hii. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti. Nyumba ya bibi inaweza kuwa mikononi mwa kaka yake au mpwa wake anayeishi Tandahimba au Nanyamba. Mkifunua paa bila yeye kujua, anaweza kufika saa nne asubuhi akauliza nani amewaruhusu, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo muulize mzee mwenyewe: "Nani tumpigie simu kabla ya kugusa nyumba?" Mpigieni. Mweleze kazi, siku na watakaokuja, mwombe na yeye afike. Mara nyingi mjomba huja na kamba na vijana wawili wa ukoo, na kazi inakwenda haraka. Mkubaliane pia mbele ya balozi kwamba kigango kinaezeka tu, hakidai chochote juu ya nyumba wala kiwanja. Balozi aandike mistari miwili, wote watie sahihi.

Hatua ya tatu: tarehe

Kalenda ya kusini inaongozwa na mkorosho. Mei hadi Agosti watu wanapulizia dawa, Septemba wanaanza kuokota, kuanzia Oktoba minada inachangamka na nusu ya mtaa iko shambani. Hata wa mjini wana shamba la familia. Maoni yangu ni kwamba kazi ya mikono iwe mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kabla ya korosho kudondoka kwa wingi. Michango ya fedha ni kinyume chake. Waombe watu waahidi Agosti na walipe baada ya mnada, na fedha hiyo iwe ya mwaka unaofuata.

Vigango vingi hupenda kufanya huduma kwenye Siku ya Maskini Duniani, ambayo Papa Fransisko aliianzisha na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, Jumapili moja kabla ya Kristo Mfalme. Ni siku nzuri ya kusali na kuchangisha. Kwa kuezeka huku kwetu imechelewa: inaangukia katikati ya Novemba, watu hawapo na mawingu yameshaanza kukusanyika.

Siku iwe Jumamosi. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu asubuhi yake ni ya usafi wa mazingira kitaifa na mtaa utakuwa na kazi yake. Angalia kama Ramadhani imeingia. Uliza pia kama kuna jando au unyago mtaani, kwa maana miezi hiyo baada ya mavuno ndiyo yake, na ngoma ikilia usiku kucha vijana hawatapanda paa asubuhi.

Hatua ya nne: barua

Paroko ajue kabla ya mtu mwingine yeyote, na tangazo lisomwe tu baada ya ruhusa yake. Kisha katibu aandike barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, ikiwa na muhuri wa parokia. Iwe fupi:

"Kigango chetu kinaomba kibali cha kufanya siku ya huduma Jumamosi tarehe fulani, kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Tutaezeka nyumba mbili za wazee katika mtaa wako, kwa idhini ya familia zao. Tunatarajia watu wapatao arobaini. Hakutakuwa na maandamano wala vipaza sauti. Tunaomba ofisi yako iwatangazie wananchi wote kuwa wanakaribishwa kushiriki."

Mkitaka kutembea kwa pamoja barabarani na kwaya, hiyo ni habari nyingine: pelekeni taarifa polisi mapema. Mimi nashauri muache. Mwenye nyumba hapendi kuletewa msaada kwa tarumbeta.

Hatua ya tano: fedha

Fedha ndiyo inayovunja kamati. Mhazini apokee, mwenyekiti aidhinishe, katibu aandike. Watu watatu, si mmoja. Anayechangia kwa simu atume kwenye laini moja tu, iliyotangazwa madhabahuni, na mhazini asome jumla kila Jumapili baada ya Komunyo. Anayetoa kitu badala ya fedha (nazi, mchele, kuni, kamba) aandikwe jina na kiasi chake sawasawa na aliyetoa noti. Mama aliyeleta nazi sita anastahili kusikia nazi sita zikitajwa.

Stakabadhi za manunuzi zibandikwe kwenye daftari. Muuzaji wa makuti hana stakabadhi, kwa hiyo andika kiasi na bei, atie sahihi au dole gumba.

Hatua ya sita: makuti, fito na kamba

Hapa ndipo siku inapofaulu au kuharibika.

Pima kwanza. Chukua futi kamba ya fundi, pima urefu wa nyumba upande wa mtiririko wa maji, kisha pima mteremko wa paa kutoka upenuni hadi kwenye mgongo. Tuseme nyumba ina urefu wa mita 6 na kuti moja linafunika mita moja hivi. Mstari mmoja utakula makuti 6, ongeza 1 kwa ajili ya kupishanisha, yawe 7. Mteremko ukiwa mita 3.75 na mistari ikipangwa kila sentimita 15, unapata mistari 25. Mara 7 ni makuti 175 kwa upande mmoja, 350 kwa pande mbili. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayokatika, ujiandae na makuti 385. Mgongo wa paa una yake ya kukunja, kadirieni na fundi.

Watu hupunguza gharama kwa kutanua nafasi ya mistari. Msifanye hivyo. Makuti yaliyobanana yanakaa miaka mitatu, minne; yaliyotawanyika mtarudi mwakani.

Nunueni wiki tatu au nne kabla, yaliyokwisha kukauka. Muuzaji mmoja alituletea mzigo uliosukwa juzi yake, bado una ukijani. Tuliyapandisha hivyohivyo kwa sababu watu walishafika. Yalipokauka juu ya paa yalijikunja, zikabaki nafasi za kupenya vidole viwili, ikabidi turudie upande mzima kwa fedha zetu. Sasa nalikunja kuti moja kila mzigo, nikilinusa na kulitikisa. Likitoa harufu ya jani bichi, halinunuliwi. Likimwaga vumbi la mchwa, halinunuliwi.

Fito na nguzo zilizooza zibadilishwe kabla ya makuti kupanda. Hapa kuna onyo. Boriti nzuri za zamani zilikuwa za mikoko, na bado mtu anaweza kukuletea usiku kutoka kwenye maji ya Mikindani. Mikoko ni misitu iliyohifadhiwa, haikatwi bila kibali, na kanisa halipaswi kuingiza boriti ya wizi kwenye nyumba ya mzee. Tumieni mianzi, au miti ya kupandwa kama mikaratusi na mivinje, yenye mwenyewe anayejulikana.

Kamba za makumbi ni nzuri kuliko za plastiki. Plastiki inaonekana imara lakini jua la Mtwara linaikausha ikakatika. Lowekeni kamba za makumbi usiku wa kuamkia kazi, zitakaza zikikauka.

Hatua ya saba: watu na chungu

Tafuteni fundi mmoja anayejua kuezeka makuti, mlipeni hata kama ni muumini. Yeye ndiye mwenye kauli juu ya paa siku hiyo, hata paroko akiwepo. VIWAWA (vijana) wapande na kubeba. UWAKA (wanaume) wakate fito na kushika ngazi. WAWATA (wanawake) huwa wanasukumiwa jikoni peke yao, na mimi sikubaliani na hilo: mama anayesuka makuti tangu utoto anajua ubovu wa kuti kuliko kijana aliye juu. Mwekeni mama mmoja kwenye rundo, kila kuti lipite mkononi mwake kabla ya kupanda. Watoto wa Utoto Mtakatifu wakaribishwe kukusanya makuti ya zamani na kuteka maji, wakiwa na mlezi wao. Aliye chini ya miaka 18 hapandi paa.

Chakula: kilo moja ya mchele kwa watu saba ni kipimo kinachotosha kwa waliofanya kazi. Watu arobaini, pikeni kilo sita na maharage ya nazi, au samaki kama wavuvi wa jumuiya wamejitolea. Mkiamua kuku au mbuzi, achinjwe na Mwislamu ili kila jirani ale bila wasiwasi. Hili halina mjadala mtaani kwetu. Chakula cha mwenye nyumba kitangulie kupakuliwa.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Saa 12:30 asubuhi watu wawe wamefika. Sala fupi, dakika tano. Fundi agawe kazi kwa majina. Vitu vya ndani vitolewe vyote na kuwekwa kwenye mkeka chini ya mwembe, na mtu mmoja anayeaminika na mzee akae navyo mpaka jioni. Usimwache kijana apekue sanduku la bibi kwa kisingizio cha kubeba.

Kufunua paa ni saa ya hatari. Makuti ya zamani yana nge, tandu na nyoka. Gongeni kwanza kwa fito ndefu kutoka chini, subirini, halafu mvute kwa uma au ndoano, si kwa mkono mtupu. Wanaofunua wavae viatu na mikono mirefu, wafunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi lile ni la miaka. Juu ya paa wasizidi watu wanne kwa mara moja, na kila mmoja akanyage penye nguzo. Wekeni tayari sanduku la huduma ya kwanza, na bodaboda mmoja aliyelipwa nusu siku akae hapohapo. Ikitokea ajali hamtaanza kutafuta usafiri wa hospitali ya Ligula.

Kuezeka kunaanza chini upenuni kupanda juu, mstari wa juu ukilalia wa chini, kama magamba ya samaki. Pande mbili ziende sambamba, zisipishane sana, paa lisielemewe upande mmoja. Kufika saa tano jua linakuwa kali. Pumzikeni, kunyweni maji, mmalizie mgongo wa paa mchana. Fundi azunguke ndani ya nyumba kabla ya kushuka, mlango ukiwa umefungwa. Kila penye nukta ya mwanga, ongeza kuti.

Picha piga za kazi, za mikono na paa. Picha ya mzee piga akikubali mwenyewe, na si ile ya kushikishwa kitu mkononi huku mstari wa watu umesimama nyuma yake.

Kuhusu kuchangia damu siku hiyohiyo

Vigango vingine huunganisha huduma hii na uchangiaji damu, kwa kuwaita watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, Kanda ya Kusini, walioko hapahapa Mtwara. Ni jambo jema, lakini liwe siku nyingine, au wachangiaji wabaki kwenye kazi za kukaa. Mtu aliyetoa damu asipande paa siku hiyo, atapata kizunguzungu. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, awe amekula, na damu yake ipimwe wingi kwanza. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne, kwa hiyo andikeni tarehe na mwakumbushe.

Hatua ya tisa: baada ya kazi

Jioni hiyohiyo makuti mabovu yaondolewe uani; yakilala hapo mchwa watarudi kwenye nguzo mpya. Vitu vya ndani virudishwe, kitanda kiwekwe pale mzee anapotaka. Jumapili mhazini asome mapato na matumizi yote, na barua ya shukrani iende kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, tumeni vijana wawili waende wakati uleule, wakiwa na koti la mvua na kipande cha mkaa. Waingie ndani, waangalie juu, na kila fito inayodondosha waiwekee alama ya mkaa. Fundi atakuja na makuti yale ya akiba mvua ikikatika. Kwa yule bibi aliyekuwa akihamisha kitanda tulikuta alama mbili tu, zote karibu na mlango. Kitanda kilikuwa bado kona ya mashariki, na vile vishimo vingine alikuwa ameshavikandika.